Ulicheza Wapi?

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtayarishaji wa kipindi cha michezo cha jioni katika kituo kimoja cha redio jijini Dar es Salaam, na wapiga simu hawakuchoka kutuuliza jambo moja: "Kwani wewe ulicheza wapi?" Swali lilipamba moto zaidi siku za Jumatatu, timu kubwa ilipokuwa imedondosha pointi mikoani. Mchambuzi angesema beki fulani alisimama vibaya, na simu ya kwanza isingemhusu beki, ingemhusu mchambuzi. Mashabiki wa Simba waliuliza, wa Yanga waliuliza, na makocha wenye hasira walituuliza ana kwa ana pembeni ya uwanja. Kwangu lilikuwa swali la kazi, maana mimi ndiye niliyepanga nani aketi mbele ya maiki.

Msimamo wangu niuseme mapema. Mchambuzi wa soka halazimiki kuwa amecheza soka la kulipwa. Ila sikufika hapo kwa njia inayopitiwa na wengi. Wengi huanza na Arrigo Sacchi, Mwitaliano aliyekuwa akiuza viatu, ambaye hakuwahi kucheza mpira wa kulipwa. Alikabidhiwa AC Milan mwaka 1987, akachukua ubingwa wa Italia 1988, kisha Kombe la Ulaya 1989 na 1990. Waliomhoji alicheza wapi aliwajibu kwamba hakujua kuwa mpanda farasi ni lazima kwanza awe farasi. Jibu hilo ni tamu, na vijiweni kwetu limerudiwa kuanzia Kinondoni hadi Mbagala. Kwa mchambuzi, hata hivyo, halitoshi. Sacchi alikuwa kocha, na kocha ana matokeo yanayomtetea au kumfukuzisha kazi. Mchambuzi hana msimamo wa ligi. Anaweza kukosea Jumamosi, akakosea Jumatano, na Jumatatu ukafungua redio ukamkuta palepale na sauti ileile ya kujiamini. Ndiyo maana msikilizaji anamtafutia cheti kingine, na cheti kilicho karibu ni jezi aliyowahi kuivaa. Anayeuliza ana haki ya kujua kwa nini amwamini huyu anayesema.

Mimi nilijifunza kwa kukaa karibu na mtu aliyecheza.

Nilipokabidhiwa kipindi, uongozi ulikuwa umeshamwajiri beki wa kati wa zamani, mtu aliyecheza enzi za soka la ridhaa, wakati wachezaji wetu waliajiriwa kwenye mashirika ya umma na kwenda mazoezini baada ya saa za kazi. Pale kituoni sote tulimwita Mzee. Tarehe 20 Oktoba 2013 nilikuwa naye kwenye jukwaa la wanahabari, Uwanja wa Taifa, ambao sasa unaitwa Benjamin Mkapa, Simba wakicheza na Yanga. Hadi mapumziko Yanga waliongoza tatu bila: bao moja la Mrisho Ngassa, mawili ya Hamis Kiiza. Upande wa Simba watu walianza kuondoka. Kijana wetu wa takwimu alikuwa ameshaandika kwamba mchezo umekwisha, na kwa namba alizokuwa nazo mkononi hakuna aliyeweza kumlaumu.

Mzee alivua hedfoni. "Msifunge daftari," alisema. "Ukiongoza bao moja unacheza mpira. Ukiongoza tatu mbele ya mtani, unaanza kulinda jina lako. Kila mtu moyoni anasema, bao likirudi lisipitie kwangu. Beki wa pembeni hapandi tena. Kiungo anatoa pasi ya usalama, si pasi inayotakiwa. Mstari wa nyuma unarudi hatua tano na hakuna kocha aliyeagiza. Miguu inarudi yenyewe."

Kisha akanyoosha kidole kwenye benchi la Simba, alikokuwa Abdallah Kibadeni, yule aliyefunga mabao matatu Simba ilipoichapa Yanga sita bila mwezi Julai 1977. "Yule amecheza mbele maisha yake yote," Mzee akasema. "Anajua beki anayerudi nyuma anaogopa nini."

Kipindi cha pili kilikuwa bado kichanga Betram Mombeki alipofunga. Watu hawajakaa vizuri, Joseph Owino akaweka la pili. Zikiwa zimesalia dakika chache, Gilbert Kaze akasawazisha. Tatu kwa tatu. Uwanja ulikuwa umechanganyikiwa, na mimi nilikuwa namwangalia Mzee zaidi ya nilivyoangalia uwanja. Alichokuwa amekisema hakikuwa utabiri, kwa sababu hakusema Simba watarudisha mabao yote. Alieleza kinachotokea ndani ya mwili wa mtu anayeongoza kwa mabao mengi kwenye mechi anayoiogopa, na maelezo hayo sijayakuta katika jedwali lolote la takwimu. Tangu siku ile sikubali mtu aniambie kwamba kucheza hakuongezi kitu. Kunaongeza, tena sana.

Basi tukaingia hewani baada ya kipenga cha mwisho. Nikampa Mzee nafasi ya kwanza, nikisubiri ayarudie yale. Akasema: "Vijana wamejituma. Yanga wamefanya makosa madogo madogo, Simba wakayatumia. Mpira ni dakika tisini." Basi.

Hapo ndipo jambo lote lilipo. Maarifa ya Mzee yalikuwa kweli, na msikilizaji wa Tandika au Tunduma hakuyapata. Siku zilizofuata nilikaa naye nikajua sababu, nazo zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni maneno. Mtu aliyecheza miaka mingi amejifunza kwa miguu, na miguu haimdai maelezo. Ukimuuliza kwa nini alisogea kushoto kabla ya krosi atakwambia "niliona tu." Ni kweli aliona, ila hakuwahi kuhitaji kuyasema kwa sauti, maana wenzake uwanjani nao waliona. Kituo kilimwajiri kwa jina lake kikadhani maneno yatakuja yenyewe. Hakuna aliyemfundisha kuongea na mtu asiyeuona uwanja. Alipewa kiti, maji ya kunywa na swali lile linaloulizwa kila mahali: "Mzee, unauzungumziaje mchezo?" Swali kama hilo haliwezi kuzaa jibu zaidi ya vijana wamejituma.

Ya pili ni nzito zaidi, na alinieleza bila kuficha. "Mwanangu, makocha wa hizi timu nimecheza nao. Viongozi nimekula nao kambini. Hawa tunazikana." Nilimwelewa. Anayemkosoa kocha hewani Jumatatu atakutana naye Jumamosi msibani, wamebeba jeneza la rafiki yao mmoja. Uchezaji wake ulimpa ujuzi, na uchezaji huohuo ulimfunga mdomo. Kila kituo kinachoajiri wachezaji wa zamani kinanunua vyote viwili kwa pamoja, ingawa kwenye mkataba linaandikwa jina tu.

Dawa ya tatizo la kwanza tuliipata kantini. Niliokota vizibo vya soda, vyekundu kumi na moja na vya rangi ya chungwa kumi na moja, nikavipanga mezani kabla ya kipindi. Nikamwomba Mzee avisogeze jinsi bao lilivyofungwa. Mtu aliyekuwa na sentensi tatu akapata sentensi thelathini. Alisogeza kizibo cha beki wa mbali akasema: "Huyu hapa ndiye aliyeua. Mpira uko upande wa kulia, yeye kageuka mwili mzima kuutazama. Beki hasimami hivyo. Mwili unafunguka nusu, ili kwa jicho moja uone mpira na kwa jingine uone mtu wako. Ukigeuka wote umempoteza mtu, na yeye anajua umempoteza." Niliandika swali kutokana na maelezo hayo, na jioni nikampa mtangazaji amuulize hewani: "Mzee, kabla ya ile krosi, beki wa mbali alipaswa awe amesimama vipi?" Akajibu vilevile alivyojibu mbele ya vizibo. Simu zilizoingia jioni ile zilitoka kwa makocha wa timu za vijana, wakitaka arudie.

Tulipozoea utaratibu ule, alianza kutoa vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia redioni. Alieleza kwa nini timu ya pwani ikipanda Mbeya kucheza Sokoine inachoka mapema, na kwa nini kocha mwenye akili hapandi huko siku moja kabla ya mechi. Alieleza mpira unavyodunda juu kuliko unavyotarajia kwenye nyasi bandia za Kaitaba, Bukoba, na jinsi beki aliyezoea nyasi za kawaida anavyoruka mapema mno. Alieleza timu isiyolipwa mshahara inavyocheza. Watu wanadhani wachezaji wanagoma tangu mwanzo. "Hapana," alisema. "Mshahara ukichelewa, wanaanza vizuri kabisa, wana heshima zao. Angalia baada ya kufungwa bao la kwanza. Angalia nani anakimbia kurudi." Mimi niliyekulia chandimu na ndondo nisingeweza kulijua hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kunidai nicheze huku kodi ya nyumba ikiwa imepita tarehe.

Lakini ujuzi wa kucheza una umri wake. Hili Mzee alilisema mwenyewe, nami nampa heshima kwa kulisema. Yeye aliacha mpira kabla ya mwaka 1992, mwaka ambao sheria ilimkataza kipa kudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa makusudi na mguu wa mwenzake. Enzi zake beki akibanwa alimrudishia kipa, kipa akaukumbatia, kila mtu akapumua. Sheria hiyo ilibadilisha kazi ya beki na kipa kutoka mizizi. Mwaka 2019 sheria ya mpira wa goli nayo ikabadilika: sasa mpira uko mchezoni mara tu unapopigwa, hauhitaji kutoka nje ya eneo la penalti, na mabeki wanaupokea wakiwa ndani kabisa ya boksi. Wachezaji wengi wa zamani walipoona timu zinaanza hivyo walisema ni wendawazimu. Walikuwa wanasema kweli kuhusu mpira waliocheza wao. Mzee alinipigia simu siku moja akauliza, "Hebu nieleze, wanapata nini wakianzia pale?" Swali hilo ndilo lililomfanya aendelee kuwa mchambuzi.

Pale kituoni kulikuwa pia na binti mmoja, na kumhusu nina mengi ya kusema, kwa sababu kwake ndiko swali la "ulicheza wapi" lilipoonyesha ubaya wake wote.

Alikuja kituoni kwa mafunzo kwa vitendo kutoka chuo cha uandishi wa habari. Alikuwa amecheza netiboli katika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari; mpira wa miguu alicheza na kaka zake tu. Alikuwa na daftari kubwa la kaunta. Mechi aliitazama uwanjani, kisha akaitazama tena kwenye kompyuta, safari ya pili bila kuufuata mpira kabisa. Alichagua mchezaji mmoja akamfuata yeye, dakika zote, awe na mpira au asiwe nao. Kazi hii inachosha, haina sifa, na sikuwahi kuona mtu mwingine pale kituoni akiifanya kwa hiari.

Kulikuwa na mechi ambayo timu moja kubwa ya jijini ilifungwa mabao mawili kutokea upande wa kushoto wa ulinzi wake. Jiji zima lilimtukana beki wa kushoto. Binti akasema hewani kwamba kosa halikuwa la beki. Alikuwa ameandika kila tukio ambalo wapinzani walipita upande ule, na karibu mara zote beki aliachwa peke yake na watu wawili, kwa kuwa winga wake hakurudi, na kiungo aliyetakiwa kuziba alikuwa amevutwa katikati na mchezaji mmoja wa wapinzani aliyekuwa akizurura pale kwa makusudi. Simu ikaingia. Sauti ya mtu mzima, tena ya upole: "Dada yangu, samahani, mimi nakuheshimu. Wewe ulicheza wapi?"

Binti akanyamaza. Mzee akasogea kwenye maiki kabla mtangazaji hajasema kitu. "Ndugu yangu, mimi nilicheza, tena ulinzi. Hiki alichokisema huyu binti mimi sikukiona. Nilikuwa naangalia mpira."

Baadaye alinifafanulia, na maelezo yake nimeyabeba hadi leo. Mchezaji uwanjani anaona kipande. Beki wa kati anaona mshambuliaji wake, anaona mpira, anamsikia kipa nyuma yake. Hajui kinachoendelea kwenye kibendera cha upande wa pili, na akijaribu kujua atafungwa. Miaka kumi ya kuona kipande inakufanya hodari wa kipande hicho. Ukikaa jukwaani, jicho linaendelea kufuata lilichozoea. Kuona uwanja mzima ni ufundi mwingine, nao hujifunzwa kwa kukaa juu na kutazama kwa nidhamu, kama binti alivyokuwa akifanya.

Na sasa fikiria sharti la kucheza soka la kulipwa lingemfanya nini mwanamke wa umri wa binti yule. Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania ilianza mwaka 2016, na bingwa wa msimu wake wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens. Kabla ya hapo msichana mwenye kipaji hakuwa na ligi ya taifa ya kuchezea, sembuse ya kulipwa. Mwaka 2022 Simba Queens walikwenda Morocco kwenye Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Afrika wakamaliza nafasi ya nne, na kutakuwa na kizazi cha wanawake wetu wanaoweza kujibu swali hilo kwa kutaja klabu. Dada zao wakubwa hawakunyimwa kipaji, walinyimwa ligi. Kuwauliza walicheza wapi ni kuwaadhibu mara mbili, na swali hilo linaniuma kila ninapolisikia likiulizwa kwa sauti ya upole.

Hata kwa wanaume, neno "kulipwa" linakata vibaya. Taifa Stars iliyokwenda Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980, ikatoka sare ya bao moja kwa moja na Ivory Coast, ilikuwa timu ya watu wenye kazi zao. Nahodha wake Leodegar Tenga ni mhandisi, ambaye baadaye aliongoza shirikisho la soka, TFF, kuanzia 2004 hadi 2013. Tukishikilia kwamba lazima mtu awe amecheza kwa kulipwa, tumewafungia mlango watu waliotupeleka AFCON kwa mara ya kwanza, mahali ambapo tulisubiri hadi 2019 kurudi.

Desturi ya kujaza studio wachezaji wa zamani pekee haikuzaliwa kwetu. Uingereza, wakati wa Kombe la Dunia la 1970, ITV waliweka mezani jopo la watu wa mpira, Malcolm Allison, Paddy Crerand, Derek Dougan na Bob McNab, chini ya Jimmy Hill, mwenyewe mchezaji wa zamani wa Fulham. Walibishana, walichekeshana, na televisheni nyingine zikaiga. Mtindo ukaenea, ukatufikia sisi kupitia vibanda umiza na vingʼamuzi. Hoja yake ilikuwa kwamba aliyekuwa ndani atatueleza ya ndani, na mara nyingine anaeleza kweli. Lakini Alan Hansen alikuwa na mataji manane ya ligi na matatu ya Ulaya akiwa Liverpool, na Agosti 1995, Manchester United walipofungwa 3-1 na Aston Villa, ndiye aliyesema kwenye Match of the Day kwamba huwezi kushinda kitu ukiwa na watoto. Msimu ulipokwisha watoto wale walikuwa na ubingwa wa ligi na Kombe la FA. Mmoja wao aliyekuwa uwanjani siku ile, Gary Neville, alikuja kuwa mchambuzi anayeheshimiwa mno, akisimama mbele ya skrini kubwa na kulisimamisha tukio palepale kosa linapoanzia. Desemba 2015 alipewa kuifundisha Valencia. Februari wakafungwa saba bila na Barcelona, na kabla ya Aprili ameondolewa. Kucheza, kufundisha na kuchambua ni kazi tatu, na Neville alizifanya zote kwa viwango tofauti kabisa.

Asiyecheza naye akipotoka hupotoka vibaya, na mfano ninaoutumia kwa vijana ni Charles Reep. Alikuwa mhasibu katika jeshi la anga la Uingereza. Machi 1950, akiwa Swindon, alianza kuandika kwa kalamu kila shambulizi la mechi, akaendelea kwa miaka mingi. Aligundua kwamba takribani mabao 80 kati ya 100 hutokana na pasi tatu au pungufu, akahubiri mipira mirefu, na makocha wakamsikiliza. Kilichompita ni kwamba mashambulizi yenyewe, zaidi ya 90 kati ya 100, yalikuwa ya pasi tatu au pungufu. Kwa hiyo mashambulizi ya pasi nyingi, kwa idadi yake ndogo, yalizaa zaidi. Alihesabu vizuri akasoma vibaya. Leo tunao vijana wanaosoma asilimia za umiliki wa mpira kutoka kwenye simu hewani wakiamini wamechambua. Hao hawajafika hata alipofika Reep, kwa sababu yeye alikwenda uwanjani.

Nalo hili lisiachwe. Kabla televisheni haijaanza Tanzania Bara mwaka 1994, watu wengi mpira waliuona kwa masikio. Ahmed Jongo na Charles Hilary wa Radio Tanzania, na Leonard Mambo Mbotela kule Kenya, walitupangia uwanja vichwani: mpira uko wapi, nani yuko huru, nani anarudi mbio. Walikuwa watangazaji, si wachambuzi kwa maana ya leo, lakini walitufundisha kutazama kabla hatujapata cha kutazama. Nyumbani kwetu redio iliwekwa dirishani na majirani wakakaa barazani. Sikumbuki hata mmoja wao akiuliza wanaume wale walicheza namba ngapi. Walimwamini Jongo kwa sababu waliotoka uwanjani walirudi mtaani wakasimulia mechi ileile waliyoisikia wao.

Kinachonitia hofu sasa si wachezaji wa zamani wala wasiocheza. Ni watu wa aina ya tatu, ambao hutoka katika makundi yote mawili: walioajiriwa kwa sababu wana kelele ya Simba au kelele ya Yanga. Wanaingia studio wakijua watakachosema kabla kipenga hakijapulizwa. Mwenye jezi ya zamani hutumia jezi kujikinga, asiye nayo hutumia ukali wa ulimi, na msikilizaji anabaki hajui kwa nini timu yake ilifungwa. Wakati mwingine hajui hata sheria. Mwaka 2023 Yanga walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho, walifungwa 2-1 na USM Alger hapa Dar es Salaam, wakaenda Algiers wakashinda moja bila, na kombe likabaki kule kwa bao la ugenini. Ulikuwa usiku wa kueleza kwa utulivu jinsi mabao mawili waliyofungwa nyumbani yalivyobadilisha hesabu nzima, na kwa nini ushindi wa Algiers bado ulikuwa kazi kubwa ya kiufundi. Vituo kadhaa nilivyovisikiliza vilitumia usiku ule kubishana nani ana haki ya kusema.

Fainali za AFCON 2027 zimepewa Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja, na vituo vyetu vitatafuta sauti nyingi kwa mkupuo. Ushauri wangu kwa wenzangu wenye kuamua ni wa kazi. Mwombaji apewe mechi iliyorekodiwa na usiku mmoja, arudi asubuhi aeleze bao moja tu, kuanzia pasi tano kabla ya shuti, kwa maneno ambayo mama mwenye genge Buguruni atayaelewa. Aulizwe sheria zilizobadilika tangu alipoacha kucheza, au tangu alipoanza kutazama. Aulizwe ni kocha gani hawezi kumkosoa na kwa nini, na jibu lake liwekwe wazi kwa wasikilizaji siku anapozungumzia timu ya kocha huyo. Alichosema Jumatatu kiandikwe, ili mwisho wa mwezi mtayarishaji akae naye wasikilize kilichosimama na kilichoanguka. Wachezaji wa zamani walipiwe mafunzo ya kuongea kabla hawajarushwa hewani. Wasiocheza walipiwe nauli ya basi waende viwanja vya Sokoine, Kaitaba, Mkwakwani na Nangwanda Sijaona, wakae mazoezini wiki nzima, wawasikilize mabeki wakigombana juu ya nani alipaswa kumfuata nani. Na meza iwe na watu wawili wa asili tofauti, wenye ruhusa ya kupingana hewani, kama Mzee na yule binti walivyopingana jioni moja dakika zote za kipindi kuhusu kona moja tu: Mzee akisema kipa alichelewa, binti akionyesha kwamba kipa alikuwa amezibiwa njia na mtu wake mwenyewe, hadi muda wa taarifa ya habari ukafika na fundi mitambo akalazimika kuwakatia sauti.